Mkono Wangu, Kidoli cha Nihal

Mashine ilikuwa yangu. Runinga yangu, kochi langu, hata zulia walilolikanyaga kwa soksi zao nilitoka nalo kwetu siku ya harusi. Na bado walikaa hapo hapo, kwenye sebule yangu, wakaamua kwamba mimi sifai kucheza.

"Insaf, mwanangu, usivimbe," akaniambia Hajati Fikriya. Huyu ndiye mkuu wa wanawake wa jengo letu tangu sijazaliwa, kwa sababu ana ufunguo wa paa la kuanikia nguo na ulimi ambao hakuna anayetaka umfikie. "Nakuuliza tu. Kidoli chako kina pointi ngapi?"

"Mia na kumi na mbili, Hajati, lakini pointi si—"

"Na cha Nihal?"

Nihal alikuwa anaangalia kucha zake. Aliyejibu ni wifi yangu Rawya, maana Rawya hajawahi kuliacha swali la mtu mwingine likapita. "Elfu moja mia tisa na thelathini! Na pembeni kimeandikwa 'bingwa'. Nimekiona kwa macho yangu haya."

"Basi," akasema Hajati, kama mtu aliyefunga duka.

Ilikuwa tarehe kumi na nane ya Ramadhani, baada ya alasiri, Iskandaria ikichemka kwa joto la Julai, feni ikizunguka kwa uvivu na kila mmoja wetu ana kiu, anaumwa kichwa, na anamwaza mumewe atakavyorudi na kuuliza kuna nini mezani. Katika hali hiyo ndipo tulipokuwa tunacheza. Wanaume wao huua saa za mwisho za mfungo kwa kulala. Sisi tulikuwa tunapiga tenisi.

Mashine yenyewe kaniletea kaka yangu Mumtaz kutoka Kuwait. Unashika rimoti nyeupe, unaipunga hewani kama raketi, na kidoli chako ndani ya runinga nacho kinapunga, mpira unakwenda. Kila mtu ana kidoli chake alichokichora mwenyewe. Changu nilikipa nywele fupi nyeusi kama zangu. Hajati aliuliza kwa nini hakina mtandio. Nikamwambia nimetafuta mtandio mashine nzima nikakosa. Akasema basi wanaume wasiingie humu kikiwa kinacheza. Mpaka leo mume wangu hupiga hodi kwanza.

Jengo letu na jengo jipya la ng'ambo yanaangaliana roshani kwa roshani, karibu kiasi kwamba tunajua nani wa upande ule amepika mboga ya mulukhiya na nani amenuniwa na mumewe. Kila mwaka tarehe ishirini na tano ya Ramadhani, mchezaji mmoja wetu anapambana na mmoja wao, na wanaoshinda ndio wanaotangulia kupeleka trei za kahki kwenye tanuri la mtaa. Mnajua tanuri la mtaa wiki ya mwisho ya mfungo lilivyo. Miaka miwili mfululizo tulikuwa wa mwisho. Biskuti zetu hizo za Idi zilitoka zimeungua chini, mbichi juu, kwa sababu mwokaji alikuwa tayari anasinzia.

Mwaka uliotangulia aliyeshindwa nilikuwa mimi. Nasema wazi. Nilikuwa na jino limevimba shavu zima, nikashindwa na Dawlat wa jengo jipya, mwanamke mwenye mabega kama mlango, gemu tatu kwa mbili. Na hapo ndipo wifi yangu Rawya alipoleta elimu yake.

"Si Insaf aliyeshindwa," akawaambia watu ngazini, akidhani ananitetea. "Ni kidoli chake. Kidoli cha pointi chache mkono wake mwepesi. Cha pointi nyingi kinapiga mpira unalia."

Elimu hiyo ikapanda ngazi na kushuka, na Ramadhani hii ilipofika, ikawa sheria.

Sasa niwaeleze hizo pointi zinatoka wapi, maana hapo ndipo damu yangu inapochemkia. Mkicheza watu wawili, mashine haiandiki kitu. Haiwajali. Inaandika tu ukicheza peke yako dhidi ya wachezaji wake yenyewe wa ndani: ukiwashinda unapanda, wakikushinda unashuka. Nani anacheza peke yake? Mimi sijawahi kukaa peke yangu nyumbani humu hata kwa ugonjwa. Mimi ni mshonaji. Mlango wangu uko wazi kuanzia asubuhi, huyu anapimwa, huyu anasubiri pindo, huyu hana nguo wala kitambaa, kaja tu kuniambia nani kaachwa. Na kwetu mgeni hapewi kiti cha pembeni, anapewa cha mwenyeji. Kwa hiyo aliyesubiri vipimo nilikuwa namwekea rimoti mkononi: "Cheza kidogo. Chukua kidoli changu, usione haya." Miaka mitano! Mke wa muuza gesi kacheza nacho. Bibi harusi wa gorofa ya pili kacheza nacho na hina mkononi, anaishika rimoti kwa vidole viwili. Shangazi yake Rawya, jicho moja haoni, kacheza nacho msimu mzima wa baridi. Wote wakishindwa na mashine, wote wakicheka, na kila kicheko kikila pointi zangu.

Na Nihal? Nihal ni mfamasia wa gorofa ya nne, zamu yake ya jioni. Mumewe yuko melini, mwaka anakuja mara mbili. Nilimpa ufunguo wa kwangu mwenyewe, kwa mkono wangu huu, ili asubuhi ninapokwenda Manshiya kununua nyuzi na vifungo apate pa kuingia asikae na mama mkwe wake. Anajifungia na mashine yangu, kimya, saa nzima, anapanda tu. Hizo elfu moja mia tisa zilipikwa kwenye sebule yangu, kwa umeme wangu.

"Hajati," nikasema siku hiyo, "rimoti inashikwa na nani? Na kidoli?"

"Usinichoshe, nimefunga."

"Sote tumefunga."

"Wengine wiki hii hawajafunga, na ndiyo maana wana nguvu za kubishana," akachomekea Rawya, na sebule nzima ikacheka mpaka Hajati akaficha mdomo kwa shela.

Nikasema, sawa, tujaribu. Nihal achukue kidoli changu, mimi nichukue chake, tucheze mbele yenu wote.

Tukacheza. Nikamfunga tatu kwa moja. Nikageuka nikitegemea kuombwa radhi.

"Mmeona?" Rawya akaruka. "Si nilisema? Kidoli cha Nihal kinashinda hata mkononi mwa Insaf!"

Hata! Nilitamani kuitafuna rimoti, na maghrib bado saa moja na nusu.

Kesho yake nikasema turudie, kila mtu na kidoli chake. Nikawa mbele mbili kwa moja, gemu ya nne nimebakiza mpira mmoja tu, Nihal karudisha mpira juu juu, umeningoja pale kama embe lililoiva, nikanyanyua mkono, umeme ukakatika. Mwaka ule ulikuwa unakatika kila siku, tumeshazoea, mtaa mzima ukaguna kwa pamoja. Nikabaki nimenyanyua mkono mbele ya runinga nyeusi.

"Ulikuwa umeshinda," akasema Nihal kwa sauti ndogo.

"Hakuna aliyeshinda," akasema Hajati. "Na angalieni, umekatika wakati gani. Wakati kidoli cha Insaf kinataka kupiga. Kidoli hiki kina kijicho."

Siku ya tatu akaja na chetezo. Walifukiza runinga yangu ubani na shabu, juu, chini, nyuma kwenye nyaya, Hajati akisoma, Rawya akipepea, mpaka nikawaambia hiyo ni plastiki itayeyuka. Ndipo tukacheza, na nikashinda, tatu kwa sifuri, na kidoli changu cha mia na kumi na mbili. Mnajua walisemaje? Wakasema ubani umefanya kazi, lakini nguvu ya ubani haifiki tarehe ishirini na tano.

Nikaona basi, nitazitafuta pointi zenyewe. Asubuhi ya ishirini na moja nilifunga mlango kwa komeo, nikaacha cherehani, nikasimama peke yangu mbele ya mashine. Ikaniletea wachezaji wanyonge, nikawapiga. Mia na arobaini. Mia na themanini. Nyumba kimya, nasikia jokofu linavyonguruma. Sijawahi kulisikia jokofu langu. Nikaanza kuongea na vidoli vya mashine: "Wewe shoga, nywele hizo nani kakukata?" Havijibu. Hodi ya kwanza nikajikaza. Hodi ya pili nikajikaza. Ya tatu ilikuwa sauti ya mke wa muuza gesi, "Insaf, una nini, umekufa?" Nikafungua. Aliingia na dada yake na gauni la kupunguzwa, akaona mashine inawaka, na mkono wangu, wallahi sikuutuma, ukamnyooshea rimoti. Saa sita mchana nilikuwa nimerudi mia na kumi na mbili. Hata moja zaidi hawakuniachia.

Jioni ya siku hiyo, dakika chache kabla ya mzinga wa kufuturu, nilikutana na Nihal ngazini anakwenda zamuni, mkononi tende tatu kwenye karatasi.

"Dada Insaf," akasema, "nataka kukuambia kitu. Pointi hazifanyi chochote. Nimecheza nikiwa na sifuri na nimecheza nikiwa na elfu, mpira ni ule ule. Zinaiambia tu mashine ikuletee mpinzani wa aina gani ukiwa peke yako. Mkiwa wawili hazina kazi."

Nilimshika bega. "Na hili umelijua tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

"Umekaa pale siku tatu, mpaka nafukiziwa ubani kama maiti, na ulijua?"

Akazikunja upya tende zake kwenye karatasi. Chini mtaani muuza juisi ya ukwaju anagonganisha visahani vyake.

"Niambie, Nihal. Kwa nini hukusema mbele ya Hajati?"

"Kwa sababu tangu nihamie hapa hakuna aliyewahi kunisifu kitu," akasema. "Mama mkwe ananihesabia: huna mtoto, huna upishi, huna mume wa kumwona. Juzi kapita Hajati mlangoni kwetu akamwambia, 'Mkweo ndiye bingwa wa jengo.' Unajua jana alinimiminia supu yeye mwenyewe?"

Mzinga ukalia. Akanikatia tende moja kati ya zake tatu. Ningemkasirikia vipi mtu aliyenifuturisha? Nilipanda kwangu nimevimba, sina hata wa kumgombeza. Mume wangu aliuliza kama mahashi ya biringani yana chumvi, nikamgombeza yeye.

Tarehe ishirini na nne Hajati akatoa hukumu. Alikuwa amewaza, akasema. Mkono wa Insaf si mbaya. Kidoli cha Nihal ni bingwa. Basi kesho atacheza Insaf, kwa kidoli cha Nihal, na wote wawili watakuwa wamelitumikia jengo.

"Nacheza na changu au sichezi," nikasema.

Rawya akamgeukia Hajati.

"Insaf," akasema Hajati, na safari hii bila ukali, jambo lililonitisha zaidi. "Mwaka jana nilimpelekea mwanangu gerezani kahki zilizoungua. Alizila akanishukuru. Mwaka huu nataka ziwe nzuri. Kama unajua utashinda na chochote, basi shinda na hicho, moyo wangu utulie."

Ungemjibu nini? Nijibuni nyinyi.

Siku ya ishirini na tano sebule haikubaki na pa kuweka sindano. Wanawake wa majengo mawili, kochini, juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, wengine wamebanana mlango wa roshani. Joto, jasho, hakuna mwenye tone la maji kooni, na bado kelele. Mimi nyumba ikijaa hivyo mkono wangu unakuwa mwingine. Dawlat akaja na mabega yake, akabusu kila mtu, akanibusu mimi mara mbili.

"Jino limepona, mpenzi?"

"Limeng'olewa. Wewe mabega umeyapima mlangoni?"

Nikashika rimoti. Kwenye skrini vidoli vyetu vimejipanga, na changu pale mwisho, nywele fupi, kinapepesa macho. Nikakipita. Nikachagua cha Nihal.

Gemu ya kwanza alichukua Dawlat. Ya pili yangu, ya tatu yangu. Nilikuwa namsoma, anapenda kupiga kulia, nikawa namngojea huko huko. Ya nne akanipokonya. Ya tano tulirudishiana mpira mmoja nadhani mara ishirini, watu wanahesabu kwa sauti, Hajati kashika shela kwa meno, na mimi naomba kimoyomoyo umeme, umeme, umeme. Nilipiga kwa kukata, mkono chini, pigo nililomfundisha bibi harusi wa gorofa ya pili na hakulipata. Dawlat akapunga hewa. Kwisha.

Vigelegele vya hapo vilisikika mpaka barabara ya tramu. Niligeuka, mikono wazi, machozi yananilenga. Wakanipita. Wakanipita wote, wakaenda kumkumbatia Nihal, aliyekuwa amejibanza kwenye kona ya jokofu.

"Bingwa! Bingwa! Nihal! Nihal!"

"Mmeona kilivyopiga ule wa mwisho?" Rawya anapaza sauti. "Ule mkono mzito! Ule ni wa elfu moja mia tisa, si utani!"

Nihal alinitazama juu ya mabega ya watu. Akafungua mdomo. Na pembeni yake alisimama mama mkwe wake, mama ambaye hajawahi kukanyaga kwangu, amemshika mkono, anamfuta jasho kwa leso yake mwenyewe. Nihal akafunga mdomo. Mimi, Mungu ananiona, nikamtikisia kichwa: nyamaza.

Walipoondoka kwenda kwenye masufuria yao nilifungua ukurasa wa pointi. Nihal, elfu moja mia tisa na thelathini. Insaf, mia na kumi na mbili. Mechi yote ile, na mashine haikuandika hata nukta. Nilisimama pale kama mtu anayesoma barua ya nyumba nyingine.

Kahki zilitoka za dhahabu, lazima niseme ukweli. Trei za kwanza kabisa, sukari juu kama unga wa chokaa. Hajati alipakia kopo zima la mwanawe kabla hata ya kuonja.

Siku ya pili ya Idi jengo lilikuwa tupu, nusu wako pwani, nusu wamekwenda kuzuru makaburi. Mume wangu kaenda kwa dada zake. Nikasikia hodi. Dawlat, peke yake, na sahani ya kahki zake zilizofunikwa kwa kitambaa. Za kwao mwaka huu ndizo zilizoungua chini.

"Nimekuja kula zako," akasema. "Na tucheze moja, ya kufurahisha tu. Watoto wamenichosha."

Nikawasha. Mazoea ni kitu kibaya, mdomo wangu ukasema kabla sijaupa ruhusa: "Chukua kidoli changu, usione haya."

Dawlat akasogea karibu na skrini, akakodoa macho. "Hapana, mpenzi, hicho kikae. Mimi ni mgeni, nipe cha Nihal."

Mgeni ni mgeni. Nikampa. Nikachukua changu, nywele fupi, mia na kumi na mbili. Na nikamfunga tatu kwa sifuri. Sifuri! Mpira haukugusa raketi yake gemu ya mwisho. Nilipunga kwa miaka mitano yote, kwa kila bibi harusi na kila shangazi. Kisha nikasimama, nahema, nikamgeukia nikimsubiri aseme. Hakukuwa na mwingine wa kusema. Sebule nzima, kochi, meza, zulia, na mtu mmoja.

Dawlat akaweka rimoti chini, akajipangusa sukari kifuani.

"Maskini Nihal," akasema. "Kachoka. Ramadhani yote mmemchezesha."

Nilitoka nikaenda roshani, kama sivyo ningelia mbele ya mgeni. Mtaa mtupu, vikapu vya kamba vinaning'inia kwenye roshani bila kitu ndani. Chini nikamwona Rawya ndiye anarudi kutoka kwao, mfuko kila mkono.

"Rawya!" nikapaza sauti. "Nimemfunga Dawlat! Tatu kwa sifuri! Sasa hivi!"

Akasimama katikati ya njia, akainua uso, akatabasamu kwa furaha ya kweli, ile furaha yake ya mtu aliyepata habari.

"Kwa kidoli kipi?" akauliza.

Nikaingia ndani nikafunga mlango wa roshani.